Tangazo la kushuka kwa ndege litolewe mapema

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie maumivu ya masikio na kichwa ndege inaposhuka, ambayo wahudumu wa ndege, na wakati mwingine hata madaktari, huyachukulia kuwa ni woga wa kusafiri angani.

Mtu aliyepata mtikisiko wa ubongo anaweza kuonekana mzima, picha za kichwa zisioneshe kasoro yoyote, na bado akaishi miezi mingi na kipandauso, kizunguzungu na masikio yanayoziba ovyo. Mimi ni mmoja wao. Ndege inapopaa huwa sipati taabu kubwa, kwa kuwa hewa iliyomo katika sikio la kati hutanuka na kujitokea yenyewe kupitia mrija mwembamba unaoishia nyuma ya pua. Kazi ipo wakati wa kushuka. Mgandamizo wa hewa ndani ya ndege, ambao huko juu hulingana na ule wa mlimani kwenye mita 1,800 hadi 2,400, huanza kupanda, na mrija huo ukiwa umevimba kwa mafua hugoma kufunguka. Kiwambo cha sikio huvutwa kwa ndani, sainasi (matundu ya hewa ndani ya mifupa ya uso) zilizoziba huchoma juu ya jicho, na kwa sisi ambao vichwa vyetu havijapona, maumivu hayo huamsha kipandauso kinachoweza kuendelea hadi kesho yake.

Malalamiko yangu ni kwamba tangazo tunalosikia ni lile la kufunga mikanda, zikiwa zimebaki dakika chache kutua, ilhali ndege imeanza kushuka karibu nusu saa kabla. Aliyelala hamezi mate mara kwa mara, hivyo huamka sikio limekwisha kuziba, na likiziba sana, hata kupiga miayo hakusaidii. Niliwahi kumwomba mhudumu aniamshe mapema. Akanipatia maji, akanipigapiga begani na kuniambia nisiogope. Maji niliyashukuru. Sentensi moja ya rubani ingenifaa zaidi.

Madaktari nao, wanapomruhusu mgonjwa wa aina hii kusafiri, wamuulize kuhusu mafua na masikio, na kama dawa ya kupuliza ya kuzibua pua haina madhara kwake, wamweleze kuwa hutumiwa kabla ndege haijaanza kushuka, si pale maumivu yanapopamba moto. Wamwonye pia asibane pua na kusukuma pumzi kwa nguvu, kwani kufanya hivyo kunaweza kudhuru sikio la ndani. Aliyevunjika fuvu ni habari nyingine kabisa: huenda hewa imenaswa ndani ya fuvu, nayo hutanuka angani, na hapaswi kupanda ndege hadi daktari athibitishe kuwa imekwisha.

Siombi ndege ishuke polepole kwa ajili yangu. Naomba tuambiwe inapoanza kushuka, na anayeomba kuamshwa aamshwe bila kuhojiwa.

Msomaji wako,
Abiria