Shukrani kwa Fundi wa Vioo Aliyepita Njiro

Kwa fundi uliyeondoka bila kuniachia jina, asubuhi ile ya baridi ya Julai hapa Njiro, Arusha: pokea shukrani zangu za dhati. Nilikuwa nimekwisha kukubali kung'oa dirisha zima la sebuleni kwa sababu ya ukungu usiofutika, mpaka ulipofuta kioo ndani na nje, ukanionyesha kwamba unyevu umo katikati ya vioo viwili vilivyopangwa kimoja nyuma ya kingine, kwa kuwa gundi ya kuziba pembeni imeachia na chembe za kufyonza unyevu zilizowekwa kati yake zimeshiba. Ulinishauri nibadilishe vioo tu, fremu ibaki. Hata nauli hukupokea. Sasa Mlima Meru unaonekana tena, na mama amerudi kwenye kiti chake cha dirishani.