Kibodi isiyo na kelele hainunuliwi kwa rangi ya swichi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua niseme na wanaonunua kibodi za kimakanika kwa ajili ya ofisi, studio za redio, maktaba, hosteli na nyumba ambazo mmoja anachapa kazi usiku huku wengine wamelala. Ushauri wanaopewa madukani, kuanzia Kariakoo hadi Luthuli kule Nairobi, ni wa sentensi moja: swichi ya bluu ina kelele, kwa hiyo chukua nyekundu. Kuhusu bluu wako sahihi. Hiyo nyekundu ndiyo inayowaletea watu lawama kutoka meza ya jirani.

Katika kibodi za aina hii kila kitufe kina swichi yake, na ndani ya swichi mna kasha la chini, kasha la juu, shina linalopanda na kushuka, springi, na vijani vya chuma vinavyogusana kupeleka herufi kwenye kompyuta. Ukibonyeza, shina linashuka kama milimita 4 hadi ligonge sakafu ya kasha. Ukiachia, springi inalirusha juu ligonge dari. Kila herufi basi ina vishindo viwili, na cha kurudi nacho ni kikali, kwa kuwa kidole kimeshaondoka na hakuna cha kukipunguza. Swichi ya bluu inaongeza kishindo cha tatu, cha kipande kilichowekwa makusudi kitoe mlio. Nyekundu haina kipande hicho, basi. Vile vishindo viwili vya mwanzo vipo vilevile.

Swichi ya kimya imetengenezwa tofauti. Shina lake limevishwa vipande vidogo vya mpira juu na chini, kwenye sehemu zile zile zinazogonga kasha. Kampuni ya Cherry ya Ujerumani ilitoa Silent Red na Silent Black mwaka 2015. Ya kwanza inabonyezwa kwa nguvu ya takriban gramu 45, ya pili gramu 60. Kwa sababu ya ule mpira, shina linasafiri milimita 3.7 badala ya 4, na herufi inaandikika likifika milimita 1.9. Sehemu hizo ndogo za milimita vidole vinazihisi. Mwisho wa safari unakuwa mlaini, kama kukanyaga zulia, na wapo wasioupenda kabisa. Ni heri ujaribu kabla ya kununua swichi za kibodi nzima.

Rangi siku hizi haziaminiki, kwa sababu watengenezaji ni wengi: Gateron, Kailh, Outemu, TTC na wengine, na kila mmoja ana rangi zake. Kailh Box White ni nyeupe kama maziwa na inalia kama bluu. Gateron Yellow ni laini mwanzo hadi mwisho, lakini si ya kimya. Mtego mbaya kuliko yote uko kwenye swichi za jina la Boba, maana Boba U4 ni ya kimya, ilhali U4T haina mpira ndani na imetengenezwa ili itoe sauti nzito inayojaza chumba. Herufi moja tu inazitenganisha, na nyingine zinauzwa zikiwa kwenye mfuko wa nailoni usio na maandishi. Soma jina kamili la swichi. Muuzaji asipolijua, swichi hiyo huna sababu ya kuinunua.

Ndani ya zile za kimya utachagua kati ya laini, ambayo inashuka bila kizuizi, na ya kigongo, ambayo kidole kinahisi kijiinuko mahali herufi inapoandikika. Boba U4 ni ya kigongo na huuzwa kwa springi za gramu 62 au 68. Anayechapa kurasa nyingi kwa siku, hasa aliyejifunza kuchapa bila kutazama, atafaidika na kigongo, kwa kuwa kinampa taarifa kwamba herufi imeingia na hahitaji kugonga hadi chini. Ila springi nzito isinunuliwe kwa tamaa ya kupunguza kishindo tu. Vidole vinachoka, na saa ya nne ya kazi mtu anagonga kwa nguvu kuliko mwanzo.

Wapo wanaoshauri kuvalisha oringi, yaani pete ndogo ya mpira, chini ya kofia ya kila kitufe. Oringi inazuia kishindo cha kushuka tu, haina inachofanya kwa kile cha kurudi, tena inafupisha safari ya kitufe kwa kuwa kofia inakomea kwenye mpira. Kwa kibodi ambayo swichi zake zimelehemiwa ni nafuu ya muda. Zaidi ya hapo ni pesa iliyopotea.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo wauzaji karibu wote hawaligusi. Unaweza kuweka swichi za kimya kote, kisha kitufe cha spesi kikaendelea kupiga kelele. Vitufe virefu vina stebilaiza, yaani waya uliopindwa pande mbili unaofanya kitufe kishuke sawasawa hata ukikibonyeza pembeni. Kibodi kubwa ya mpangilio wa Kimarekani ina vitufe vinane vya namna hiyo: spesi, Shift mbili, Enter, Backspace, na vitatu upande wa namba. Isiyo na upande wa namba ina vitano. Waya huo ukiwa mkavu au umepinda, unacheza ndani ya matundu yake ya plastiki, na hicho ndicho chanzo cha ule mlio wa kutatarika. Spesi ni kitufe kinachobonyezwa mara nyingi mno, kwa hiyo masikio ya wenzako yatakijua kabla ya herufi yoyote.

Dawa yake ni grisi ya silikoni ya umeme, ile mafundi wa magari wanayopaka kwenye mipira ya plagi, na maduka ya vipuri vya magari huwa nayo. Ng'oa kofia ya spesi kwa kuinyanyua kidogo kidogo pande zote mbili, usiivute upande mmoja, mguu wa plastiki utakatika. Vuta grisi kwenye bomba la sindano la mililita 1, kisha dondosha tone moja mahali kila ncha ya waya inapoingia kwenye plastiki. Bonyeza mara ishirini hivi ili ienee, rudisha kofia, sikiliza. Ikiwa upande mmoja bado unatatarika, stebilaiza itoke. Laza waya wake juu ya kioo. Mguu mmoja ukiinuka, unyooshe kwa koleo ndogo hadi yote miwili ilale. Bila hatua hiyo, kuongeza grisi ni kujisumbua, na ikizidi kitufe kinakuwa kizito kurudi.

Kwa swichi zenyewe niwe mkali kidogo. Usipake mafuta ya mgando, usipake mafuta ya cherehani, wala usipulize WD-40. Mafuta mepesi yanatiririka hadi kwenye vijani vya chuma na kukusanya vumbi, na ya mgando yanaharibu aina nyingi za mpira, hali mpira ndio ulioununua. Grisi inayotumika ni Krytox 205 daraja 0 kwa swichi laini, na kichupa cha mililita 5 kinatosha kibodi nzima. Inapakwa kwa brashi nyembamba, utando mwembamba tu kwenye njia za kasha na pande za shina. Kwenye swichi ya kimya ruka vile vipande vya mpira, la sivyo shina litanata na kurudi kwa uvivu. Kwenye ya kigongo ruka pia miguu ya shina inayogusa kijani cha chuma, kwa sababu ukiipaka, kigongo kinafutika. Swichi nyingi za sasa zinatoka kiwandani zimeshapakwa, na asiye na subira ya kufungua swichi 87 moja moja asijilaumu. Aanze na stebilaiza.

Kubadilisha swichi kunawezekana bila kulehemu iwapo kibodi ina soketi za kuchomoa na kuchomeka. Uliza hilo kabla ya bei. Kibodi ya vitufe 87 isiyo na soketi ina maungio 174 ya kuyeyusha, mawili kwa kila swichi, na kama kila swichi ina taa yake iliyolehemiwa peke yake, idadi inakuwa mara mbili. Hapo gharama ya fundi inaweza kuipita kibodi.

Uliza pia idadi ya miguu. Zipo swichi zenye miguu miwili ya chuma na nguzo moja nene ya plastiki katikati, ambazo huitwa za miguu mitatu, na zipo zenye vijiti viwili vya plastiki zaidi, za miguu mitano. Ya mitano haiingii kwenye bodi ya mitatu mpaka ukate vile vijiti viwili kwa mkasi wa kucha, nayo haiharibiki. Ya mitatu inaingia kwenye bodi zote mbili. Tatizo lingine ni soketi za Outemu katika baadhi ya kibodi za bei nafuu. Matundu yake ni membamba, na swichi za kampuni nyingine zinagoma kuingia au zinapinda miguu. Kwa kibodi hizo tafuta swichi za kimya za Outemu yenyewe. Swichi fupi za kibodi bapa nazo ni ukoo mwingine na hazibadilishani na hizi.

Chomoa waya wa USB kwanza, na kama kuna betri, zima. Kichomoleo kinashika vidole viwili vya plastiki juu na chini ya swichi, si kushoto na kulia. Unapochomeka mpya, tazama miguu yake ya chuma imenyooka, kisha isukume wima huku ukiishikilia bodi kwa nyuma kama kasha limefunguliwa, maana soketi imeshikwa kwa risasi kidogo tu na msukumo wa nguvu unaweza kuing'oa. Herufi isipoandikika, usikimbilie kulaumu kibodi. Chomoa swichi utazame, mara nyingi mguu mmoja umejikunja chini yake. Jaribu vitufe vyote kabla ya kurudisha kofia.

Mwenye bajeti ndogo asifikiri lazima abadilishe zote. Swichi za kimya huuzwa pia kwa pakiti za 35. Herufi 26, spesi, Enter, Backspace, Shift mbili, nukta, mkato na kile kitufe cha alama tunayoandikia ng' ni 34, na moja inabaki ya akiba. Vitufe vya F, mishale na namba viache na swichi za zamani.

Kasha la kibodi nalo linavuma likiwa tupu. Kipande cha sponji cha milimita 3 kati ya bodi na sakafu ya kasha kinapunguza mvumo huo, mradi kisijae hadi kuibeba bodi juu wala kisikandamize betri. Angalia aina ya sponji. Ile nyeusi inayofungiwa vipuri vya elektroniki hupitisha umeme na inaweza kuunguza bodi. Tepu ya karatasi nyuma ya bodi, inayosifiwa sana, inageuza sauti kuwa nzito lakini haiipunguzi kwa kiasi cha kumfaa aliyelala. Kitandiko cha mpira au kitambaa kizito chini ya kibodi kinafanya kazi zaidi ya tepu, kwa kuwa meza ya mbao tupu inapokea kila kishindo na kukikuza. Ndicho kitu cha bei rahisi kuliko vyote nilivyotaja, na kingefaa kinunuliwe kwanza.

Niongeze, hata kama haitawafurahisha wapenzi wa kibodi hizi, kwamba anayetaka ukimya tu bila kujali chochote kingine, kibodi nzuri ya kawaida ya utando wa mpira itamtosha, tena kwa bei ndogo. Ya kimakanika inanunuliwa na anayetaka hisia ya kitufe, na uwezo wa kutengeneza kitufe kimoja kilichokufa bila kutupa kibodi.

Ukiwa dukani, bonyeza kitufe kimoja hadi chini polepole kisha uteleze kidole pembeni kiruke chenyewe. Sauti utakayosikia ndiyo ya kurudi. Gonga spesi katikati, halafu ncha ya kushoto, halafu ya kulia, na kama ncha zinatoa sauti tofauti na katikati, stebilaiza ina kasoro. Weka sikio karibu na kasha ubonyeze herufi chache. Mlio mwembamba kama wa uzi wa gitaa ni wa springi, na huondoka kwa kupaka springi mafuta mepesi ya Krytox 105. Tikisa kibodi usikie kama kuna kinachocheza ndani. Programu za simu za kupima desibeli zinafaa kulinganisha kibodi mbili kwa simu moja, umbali uleule, lakini namba yake usiichukue kama kipimo cha kweli.

Kwa wenye maduka nina ombi moja. Andikeni jina kamili la swichi kwenye kila kibodi mnayouza, pamoja na iwapo ina soketi na iwapo inakubali miguu mitano, na wekeni moja ya kila aina juu ya kaunta, nje ya boksi, ili mteja aibonyeze.

Fundi kompyuta,
Dar es Salaam