Mahujaji wanaofika Korintho wapandishwe na ngomeni

Mhariri,

Naomba nafasi niseme na wanaoandaa misafara ya makanisa kwenda Ugiriki. Pale Korintho mnawapitisha watu mbiombio mno.

Nilikwenda na mume wangu, mama mkwe na watoto wetu wawili. Tukiwa kwenye magofu, kilifika kikundi cha mahujaji. Wakasomewa Matendo 18 mbele ya jukwaa la mawe, pale Paulo aliposhtakiwa kwa liwali Galio, wakapiga picha, wakarudi kwenye basi. Hata zile nguzo 7 za hekalu la Apolo, mungu wa Wagiriki wa kale, zilizosimama tangu karne ya 6 kabla ya Kristo, kila moja jiwe zima, waliziona wakipita. Mlima uliokuwa juu ya vichwa vyao hakuna aliyeuinulia macho.

Mlima huo ni Akrokorintho, mita 575 kutoka usawa wa bahari. Juu yake kuna ngome ya kale, na barabara ya gari hufika karibu na lango lake la kwanza, kwa hiyo hata mama, ambaye magoti humsumbua, alifika nasi akakaa kutungoja. Malango ni matatu, moja nyuma ya jingine, na kuta zina mkono wa Wagiriki wa kale, Wabizanti, Wafaranka, Waveneti na Waturuki. Mwanangu akauliza: waliozingirwa humu walikunywa nini? Swali zuri sana! Jibu tulilikuta karibu na kilele: chemchemi ya Peirene ya juu, ndani ya ukuta, ngazi zikishuka chini ya ardhi.

Kileleni, palipokuwa na hekalu la Afrodite, mungu wa kike wa mapenzi, unaona ghuba mbili, ya Korintho na ya Saroniki, na katikati ule ukanda mwembamba wa nchi kavu. Hapo ndipo nilipoielewa Matendo 18. Bidhaa na mabaharia wa bahari zote mbili walipita hapa, na Akila na Prisila, washona mahema, hawangekosa kazi. Paulo naye alikaa mwaka mmoja na nusu.

Nawasihi basi, tengeni nusu siku. Pandeni asubuhi kabla jua halijawa kali, na kila mtu abebe maji. Viatu viwe vya soli inayoshika, maana mawe ya njia yamelainishwa na nyayo za karne nyingi, huteleza hata yakiwa makavu. Wazee wapelekwe kwa gari hadi langoni, wasiachwe hotelini.

Msomaji wenu wa siku nyingi