Kanada nenda, ila pasipoti usiirudishe

Mwanangu,

Voisi yako ya dakika kumi na moja nimeisikiliza mara mbili, ya kwanza na mdogo wako, ya pili peke yangu jikoni usiku. Yaani unanipangia nchi kama mtu anayechagua vitenge dukani, Omani hivi, Dubai vile, Kanada kuna baridi ila kuna pensheni, na Ureno sijui mumeo kaisikia wapi. Nashukuru umeniuliza, ingawa nakujua, wewe huwa unauliza ukishaamua.

Mimi langu ni moja tu, uraia. Baridi utavaa sweta.

Hapo Omani ulipo nilikuwa sipapendi, ulivyoondoka nilinuna mwezi mzima, ila sa hivi naona pana afadhali yake. Muscat unaingia dukani unaongea Kiswahili na unajibiwa, adhana unaisikia, likizo si mbali. Alafu uraia wao hawaugawi ovyo, na mimi hilo ndo nalipenda, hakuna wa kukushawishi. Ubaya wake nauona pia, ukaazi wako unaning'inia kwa mwajiri, mkataba ukiisha na goti lishaanza kuuma unapewa kiinua mgongo na tiketi, bas. Dubai ni hivyo hivyo, ila kodi ya nyumba ndo inameza mshahara. Huko ni pa kuchuma, kuzeekea hapana.

Sasa Kanada. Binamu yako wa Dar kanisomea yote. Ile pensheni ya wazee wanaitoa ukifika miaka 65, na uwe umeishi kwao miaka 10 toka ulipotimiza 18, ila ukitaka waendelee kukutumia ukiwa umerudi huku Mtwara basi iwe miaka 20. Wewe una 41. Piga hesabu mwenyewe. Na unesi wako hawaupokei hivi hivi, mpaka jimbo likusajili na ufanye mtihani, hiyo NCLEX, kama binti aliyemaliza chuo jana, wewe uliyesimama wodini miaka 15! Lakini utafaulu, mitihani haijawahi kukushinda, hela ndo zinakushinda.

Kinachoninyima usingizi ni hizo siku 1,095 za kukaa kule. Ukizitimiza ndani ya miaka 5 wanakuruhusu kuomba uraia wao, yaani miaka mitatu tu mwanangu! Wao ukiwa na nchi mbili hawana neno, sisi ndo hatutaki. Ukiapa kule kwa hiari yako, huku umeshatoka, na ardhi asiye raia hapewi kama sisi tunavyopewa. Binamu yako anasema siku hizi kuna hadhi maalumu ya diaspora, haya sawa, mimi hadhi siijui, naijua hati. Hatimiliki ya kimila ya shamba la Nanguruwe ina jina lako, iko kwenye kopo la biskuti chini ya kanga zangu. Ukishakuwa Mkanada nimpe nani, mdogo wako?

Kaa na kadi yao ya ukaazi wa kudumu. Unaibadilisha kila miaka 5, mradi ndani ya hiyo mitano uwe umekaa kule siku 730, unafanya kazi, unalipa kodi, pensheni unapata, kura tu ndo hupigi. Kura ya Kanada ya nini? Na mumeo asikuharakishe, yeye kwao mjini, hana hata mkorosho mmoja. Ya baba yako na Msumbiji unayajua, siyarudii.

Kuhusu shamba lenyewe. Hela ya salfa, dawa ya mikorosho, uliyotuma mwezi wa sita ilifika, Mungu akuzidishie, na salfa ilinunuliwa, si yote. Mdogo wako alikuwa na marejesho ya bodaboda, wakaja hapa asubuhi na mapema kutaka kuichukua, sasa ningefanyaje. Kwa hiyo miti ya upande wa barabarani imeshika ubwiriunga, maua yamekuwa meupe kama yamemwagiwa unga, ukiyagusa yanapukutika mkononi. Ile ya nyuma mizima, ila mzigo wake nilishampa neno mtu wa kangomba, wale wanaonunua korosho kabla hazijavunwa, hela nimeshakula, usiniulize bei. Msimu ujao salfa utamtumia mjomba wako moja kwa moja, itakuwa vizuri zaidi.

Ming'oko imeanza kuonekana sokoni, bei juu. Bati la jikoni linavuja palepale fundi alipoziba, na Luku inakwisha haraka, nahisi ni friji, mpira wa mlango umelegea nimeufunga na kamba. Ukija likizo niletee yale mafuta ya kuchua ya kwenye chupa, ya kupuliza sitaki.

Na pasipoti yako inaisha lini? Ipige picha ule ukurasa wenye tarehe unitumie leo leo.

Mama yako