Gari likimisi ukikanyaga mafuta, usikimbilie kununua koili nne

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi kwenye ukurasa wa barua tuseme na wenye magari madogo ya petroli, hasa ya injini ya 1NZ-FE, ile ya cc 1500 iliyomo kwenye IST, Probox, Raum na Premio nyingi. Gari linawaka vizuri, sailensa (mzunguko wa injini gari likiwa limesimama) imetulia, ila ukikanyaga mafuta uovateki, au ukianza kupanda Kitonga na abiria wanne, linamisi, yaani silinda inashindwa kuunguza petroli yake, linashtukashtuka na kukosa nguvu. Gereji unaambiwa, "Koili hizo, lete nne." (Koili ndiyo inayoipa plagi umeme wa cheche, na kila silinda ina yake.) Hela inatoka, na baada ya wiki tatu ugonjwa umerudi.

Dalili yenyewe inasema mengi. Ukikanyaga, hewa nyingi inaingia na mgandamizo ndani ya silinda unapanda. Cheche inapata shida zaidi kuruka pengo la plagi, kwa hiyo koili inalazimika kupandisha volti. Pengo likiwa limepanuka, au pakiwa na njia nyepesi pembeni, umeme unapita huko. Kwenye sailensa kasoro hiyo haionekani. Ndiyo maana ule mtindo wa kuchomoa soketi za koili moja moja gari likiwa limesimama hausaidii hapa: silinda zote nne zitaonekana nzima. (Anayeutumia kwa tatizo jingine achomoe soketi ya nozeli inayonyunyiza petroli, si ya koili, petroli mbichi isiende kwenye ekzosi.) Gari linalomisi likiwa limesimama na kupata nafuu likikimbia, mara nyingi linavuta hewa mahali, kwenye mpira wa vakyumu au gasketi ya manifoldi. Hilo ni shauri jingine.

Mashine ya kupima kompyuta ya gari itoe namba ya kosa. P0301 hadi P0304 zinataja silinda, na namba 1 ni ile ya upande wa mikanda. Tuseme imetoka P0302. Zima gari, fungua koili ya 2 na ya 3 kwa spana ya soketi ya milimita 10, zibadilishane nafasi, plagi usiziguse. Futa namba, rudi kwenye mlima uleule, kanyaga vilevile. Ikitoka P0303, koili ndiyo mbovu, nunua moja. Ikibaki P0302, hamisha plagi na urudie. Ikigoma tena, ndipo uende kwenye nozeli na kompresheni (mgandamizo wa silinda), ambayo kwa injini hii isipungue psi 156 za presha, na silinda zisipishane zaidi ya psi 14. Kuhamisha koili ni kazi ya dakika chache na hakuli spea hata moja. Fundi anayekataa kuifanya mbele yako anabahatisha kwa hela yako.

Plagi ikitoka, itazame juani kabla hujaifuta. Kwenye kaure nyeupe, sehemu inayoingia ndani ya mpira wa koili, tafuta mstari mweusi mwembamba kama wa penseli, unaoshuka kutoka kichwani hadi kwenye chuma. Umeme ulikuwa unatorokea hapo. Mulika tochi ndani ya mpira, utamkuta pacha wake. Ukibadilisha plagi peke yake ukauacha mpira ule, plagi mpya itachorwa mstari uleule; koili mpya juu ya plagi ya zamani nayo vivyo hivyo, na hizo ndizo zile wiki tatu. Mpira ukiwa umelowa oili, gasketi ya tapeti kava (mfuniko wa juu wa injini) inavuja na isipobadilishwa koili mpya nayo itaoga. Ukiwa na maji, kumbuka injini ilioshwa lini kwa presha.

Pengo la plagi za kawaida za injini hii, K16R-U11 za Denso, ni milimita 1.1. Pima kwa fila geji (vibati vya kupimia pengo), likizidi 1.3 plagi imekwisha. Za iridiamu usizigonge kurekebisha pengo, ncha yake huvunjika. Plagi mpya yenye herufi R ipime kwa mita dukani hapohapo: isome omu elfu tano hivi. Ikisoma sifuri, haina rezista na jina lililoandikwa juu yake ni la uongo. Kuifunga, injini iwe imepoa, zungusha kwa mkono mpaka washa, ile ringi ya plagi, iguse, kisha ongeza nusu mzunguko au zaidi kidogo. Kichwa ni alumini, nyuzi zikikatika utazijutia.

Ikitoka P0300 (kumisi bila kutaja silinda), tena imeandamana na P0171 (petroli kidogo kuliko hewa), koili ziache kwanza. Silinda zote zina njaa ya petroli. Funga geji kwenye njia ya mafuta: psi 44 hadi 50. Presha ikishuka pale injini inapodai zaidi, pampu imechoka au filta imeziba. Wanaoishi na taa ya mafuta imewaka wajue pampu hupozwa na petroli iliyomo ndani ya tenki. Presha ikiwa sawa, fungua sensa ya hewa, iliyo kwenye bomba baada ya filta ya hewa. Vumbi likiganda kwenye waya wake, injini inadanganywa kwamba hewa ni kidogo, nayo inapunguza petroli. Isafishe kwa spreyi yake maalumu, na kitambaa kisiiguse.

Taa ya injini ikiwaka bila kupepesa, fika gereji taratibu. Ikipepesa, ondoa mguu. Petroli isiyoungua inakwenda kuungulia kwenye masega (kisafisha moshi kilicho kwenye ekzosi), yanapata moto hadi kuyeyuka na kuziba ekzosi. Hapo gari linakosa nguvu kwelikweli, na anatokea mtu wa kukushauri uyatoe. Kuyatoa hakuponyi koili wala plagi, na anayeyang'oa anajua ndani mna platinamu, paladiamu na rodiamu. Ikikulazimu kuyatoa, ondoka nayo kwenye buti.

Mafundi wa injini za petroli,
Iringa