Barua ya wazi kwa mawakili wapya wanaozungusha fedha za wateja

Wanangu,

Hongereni kwa kuapishwa. Picha zenu za majoho nimeziona kwenye simu za wajukuu, na mmependeza kweli. Ningependa barua hii iishie kwenye pongezi, lakini nimekereka.

Juzi nimemwona wakili kijana, mwenye kichwa na ulimi, akitoka mahakamani kwa mlango wa uani ili asikutane na mama mjane aliyekuwa akimngoja kwenye benchi la mbele. Fedha za mirathi za yule mama yuko nazo yeye. Yaani alikuwa nazo. Amezitia kwenye viwanja nje ya mji, akitegemea barabara ya lami ipite, auze kwa faida, azirudishe kabla hajaulizwa. Barabara haijapita. Nilipowagusia wenzake, wakacheka: "Mzee, siku hizi kila mtu anazungusha."

Haya. Niwasimulieni habari za mtu aliyezungusha kuwashinda ninyi nyote, naye alikuwa jaji wa Mahakama ya Juu ya Marekani.

James Wilson alizaliwa mwaka 1742 huko Uskoti, mtoto wa mkulima. Alisoma chuo cha St Andrews, akavuka bahari hadi Philadelphia, akafundisha chuoni, kisha akajifunza sheria kwenye ofisi ya wakili John Dickinson. Ofisi yake mwenyewe aliifungua Reading, halafu Carlisle, miji midogo ya bara huko Pennsylvania ambako watu walishtakiana kwa ardhi kila kukicha. Akasifika upesi. Akatia saini Azimio la Uhuru mwaka 1776, na mwaka 1787 akatia saini Katiba. Waliotia saini zote mbili ni sita tu. Kwenye mkutano wa Katiba aliongea karibu kuliko wajumbe wote, akadai rais achaguliwe na wananchi wenyewe, wakati wenzake wengi waliona wananchi hawana akili ya kazi hiyo. Ni yeye pia aliyeleta hoja kwamba, katika kugawa viti vya bunge, mtumwa ahesabiwe kuwa tatu ya tano ya mtu, na nyumbani kwake alikuwa na mtumwa. Hilo silimezi, na ninyi msilimeze.

Jambo moja mwigeni bila kusita. Mwaka 1778, vita ikiwa bado mbichi, aliwatetea watu walioshtakiwa uhaini kwa kushirikiana na Waingereza. Mji mzima wa Philadelphia ulimchukia. Mwaka uliofuata wanamgambo wenye hasira za bei ya vyakula waliizingira nyumba yake kwa bunduki, watu wakafa. Hakuacha uwakili. Ninyi mteja akitukanwa mtandaoni kidogo tu, mnajitoa kwenye kesi.

Mahakama ya Juu ilipoundwa mwaka 1789 alimwandikia George Washington barua akiomba yeye ndiye awe Jaji Mkuu. Cheo hicho akapewa John Jay. Wilson akapata ujaji wa kawaida, mshahara dola 3,500 kwa mwaka. Mwaka 1793 alikuwa kwenye jopo la kesi ya Chisholm dhidi ya jimbo la Georgia, akaandika kwamba jimbo nalo linaweza kushtakiwa na raia, kwa kuwa mamlaka yote yanatoka kwa raia. Wanasiasa wakabadilisha Katiba kuifuta hukumu ile. Mihadhara yake ya sheria huko Philadelphia, Washington mwenyewe alikwenda kuisikiliza.

Sasa tuje kwenye ardhi.

Wilson alinunua misitu na mabonde ambayo hata hakuyaona kwa macho. Pesa hakuwa nayo. Alikuwa na jina, na jina la jaji linakopesheka. Alinunua kwa hati za ahadi, yaani karatasi za kuahidi kulipa baadaye, ardhi ile akaiweka rehani, akakopa tena, akanunua nyingine. Hesabu yake ilikuwa kwamba wahamiaji kutoka Ulaya watafurika na bei itapanda. Ulaya ikaingia vitani. Mwaka 1797 Benki ya Uingereza ikasimamisha kubadilisha noti zake kwa dhahabu, mikopo ikakauka pande zote mbili za bahari, na ardhi ikabaki na msitu wake, na kodi yake ya kila mwaka, bila mnunuzi. Robert Morris, tajiri aliyesaidia kugharimia vita ya uhuru, naye alifungwa kwa madeni mwaka 1798.

Wilson alikimbia. Jaji, wanangu! Anawakwepa maaskari wa mahakama. Akakamatwa Burlington, New Jersey, akalala jela kwa deni. Mwanawe akahangaika hadi akatoka. Akakimbilia kusini, Edenton, mji mdogo wa bandari huko North Carolina. Huko akafungwa tena, safari hii kwa madai ya Pierce Butler, waliyetia saini Katiba pamoja, aliyemdai dola 197,000. Gawanyeni wenyewe kwa mshahara wa dola 3,500. Ni miaka hamsini na zaidi bila kula. Aliandika kwamba anawindwa kama mnyama wa porini. Mke wake, Hannah, aliyeolewa akiwa na miaka 19, alimfuata akamuuguza malaria. Kisha likaja pigo la kiharusi, na tarehe 21 Agosti 1798 akafariki, miaka 55, bado akiwa na cheo cha jaji. Akazikwa huko huko. Philadelphia ilikwenda kuichukua mifupa yake mwaka 1906, zaidi ya miaka mia baadaye.

Waswahili tulisema kukopa harusi, kulipa matanga. Wilson alikopa kwa jina lake mwenyewe. Wewe unakopa fedha za mjane, tena yeye hajui. Wilson angalau waliomdai walijua wanamkopesha.

Lakini nisiwasakame ninyi peke yenu. Nani aliwafundisha? Ni sisi. Kijana akimaliza mwaka mmoja kazini, swali letu la kwanza ni "umejenga wapi?" Kwenye harusi tunamweka mbele mwenye gari, na mwenye jalada safi anakaa karibu na jiko. Wakubwa wa ofisi wanawalipa nauli tu na kuiita mafunzo. Hayo yote nayajua, na kwenye vikao nayasema mpaka nanuniwa.

Mengine kwa kifupi. Akaunti ya wateja iwe mbali na yako, msizichanganye hata kwa siku moja. Someni hukumu yenyewe, si muhtasari. Msigombane na karani wa masjala. Mteja akidai jalada lake, mpeni. Kuleni mchana.

Na wewe uliyetokea mlango wa uani, najua utaisoma barua hii. Nyumba yangu unaijua. Njoo jioni na karatasi zote, hata zile unazomficha mkeo. Tutaanza na deni la mama, tuone kiwanja gani kinauzika wiki hii, hata kwa hasara. Kisha tutakwenda kwake pamoja.

Mzee wenu, wakili mstaafu,
Tanga