Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Mwaka wa Kuchezesha Herufi

Ndugu wanachama, wazee wetu wa brashi, vijana wa kompyuta, na wageni mlioitikia mwaliko wetu, asalaam aleikum na habari za asubuhi.

Katika mkutano mkuu uliopita mliiagiza kamati isiutapanye mwaka kwenye mambo mengi, bali ichague jambo moja ilifuate mpaka mwisho. Tulichagua mchezo wa herufi: jinsi mchoraji wa vibao, mpiga chapa au msanifu anavyoivuta herufi, anavyoikunja, anavyoikata au kuihamisha, hadi neno likasema zaidi ya yale ambayo lingeyasema kama lingeandikwa hivi hivi tu. Nitaeleza tulichofanya, nitasema ninavyoamini baada ya mwaka huu, na mwisho nitaomba idhini yenu kwa mambo machache.

Naanza na Kizimkazi, kwa sababu safari ile ndiyo iliyobadilisha mazungumzo yetu. Wengi tulikuwa tukiamini kwamba kuchezea herufi ni jambo la kompyuta, au kama ni la zamani basi ni la magazeti ya Ulaya. Msikiti wa Kizimkazi Dimbani, kusini mwa Unguja, una maandishi ya Kikufi yaliyochongwa kwenye jiwe la matumbawe hapo mihrabuni, na tarehe iliyomo ni mwaka 500 Hijria, yaani 1107 Miladia. Jengo lilijengwa upya kwa sehemu kubwa katika karne ya 18, lakini maandishi yale yamedumu. Kikufi ni hati ya Kiarabu ya mistari iliyonyooka na pembe kali. Fundi aliyechonga pale hakuiacha ikae na ukali wake. Ncha za herufi zinachanua majani, na jicho linazunguka humo kabla ya kurudi kwenye neno. Mzee mmoja wa kwetu, aliyepaka vibao vya maduka tangu ujana wake, alisimama mbele ya jiwe lile kwa muda mrefu, kisha akatuonyesha kwa kidole: juu herufi zinachanua zitakavyo, chini zimekaa kwenye mstari mmoja. Fundi alijua pa kucheza na pa kutulia. Msikiti ule unasaliwa mpaka leo, kwa hiyo tulipangiwa muda usio wa sala, na nawashukuru wenyeji kwa ukarimu wao.

Kikao cha kanga ndicho kilichojaza ukumbi. Tuliwaomba wanachama waje na kanga za nyumbani, za mama na za bibi, tuzitandaze na kuangalia herufi peke yake. Kanga, kama mjuavyo, ina pindo pande zote nne, ina mji katikati, na ina jina, ule usemi unaokaa juu ya pindo la chini. Majina ya mwanzo yaliandikwa kwa herufi za Kiarabu. Za Kirumi zilifuata, na kwa kawaida zikawa herufi kubwa, nyoofu, zisizo na nakshi. Huko Mombasa, Kaderdina Hajee Essak, aliyefahamika zaidi kwa jina la Abdulla, anatajwa miongoni mwa wafanyabiashara walioieneza kanga yenye jina, na nguo za duka lake zilibeba alama ya "K.H.E. Mali ya Abdulla".

Mwanachama mmoja aliuliza, na aliuliza vizuri: mbona tunauita mchezo, wakati herufi za kanga zimesimama tu? Jibu tulilolifikia ni kwamba mchezo wa kanga uko mahali herufi zinapokaa. Mwanamke akijifunga, jina linamjia nyuma, na anayelisoma ni yule aliyepitwa. "Hasidi hana sababu" ikiandikwa ukutani ni methali. Ikipita mlangoni kwa jirani asubuhi, imemfikia mtu wake. Na herufi nyoofu ndizo zinazofaa kwa kazi hiyo, maana zinasomwa juu ya kitambaa kinachokunjamana na kinachotembea. Ndiyo sababu nasikitika ninapoona baadhi ya kanga za miaka ya karibuni, zenye fonti za kujipindapinda ambazo hata nguo ikitandazwa mezani jina halisomeki. Jina lisilosomeka ni pindo la pili tu. Wasanifu wa kanga mliomo humu, nawaomba mlibebe hili mnapokaa na wenye viwanda.

Darasa la Jumamosi liliendelea mwaka mzima, na hapa ndipo ninapojivunia zaidi. Masharti yalikuwa mepesi: penseli, karatasi, neno moja la Kiswahili kwa herufi kubwa, bila kuongeza picha, na ruhusa ya kubadilisha jambo moja tu. Msichana mmoja wa sekondari alichukua DARAJA. Akaona lina A tatu. Akachukua kile kijiti cha katikati cha A ya kwanza, akakinyoosha kipite ndani ya R na J hadi A ya mwisho, na miguu ya A zote ikawa nguzo. Hakuongeza kitu ambacho hakikuwamo ndani ya neno. Mwingine alichukua NG'OMBE, akaiacha kila herufi kama ilivyo, akaikuza ritifaa na kuipinda ikawa pembe. Pembe moja ilitosha kumleta ng'ombe mzima.

Kazi iliyotufundisha zaidi ilikuwa MOTO. Mara ya kwanza kijana aliwasha ndimi za moto kwenye herufi zote nne, na tulichoona ni moto bila neno. Mwalimu alimrudisha kwenye sharti la jambo moja. Akazichora M, O na T nyembamba na safi, kisha O ya mwisho akaila upande wa juu, mduara usifunge. Darasa zima lilikubali kwamba ile ya pili ndiyo inayoungua. Nimeona pia kwamba lugha yetu inatupa mtaji ambao hatujautumia ipasavyo. Maneno yake huishia kwa irabu, A na I na O zinajirudia ndani ya neno moja, na herufi inayojirudia ndiyo rahisi kuichezesha, kwa sababu msomaji anaiona ikitulia mahali pamoja na ikibadilika pengine.

Mazungumzo ya jioni yalitupeleka mbali. Tulimwangalia Guillaume Apollinaire, mshairi wa Ufaransa, ambaye katika mashairi yake yaliyotoka 1918 kuna moja la mvua: mistari mitano inateremka ukurasani kwa mshazari, herufi moja chini ya nyingine. Kwa kompyuta hiyo ni kazi ya dakika chache. Enzi zile herufi ilikuwa kipande cha madini ya risasi chenye pembe nne, kilichoundwa kikae bega kwa bega na wenzake kwenye mstari wa kulala. Kuziteremsha kimshazari kulitaka kujaza kila nafasi iliyobaki ili kitu kisiteleze mtamboni. Nilitaka vijana walione hilo.

Kutoka hapo tukafika kwa H. N. Werkman, mpiga chapa wa mji wa Groningen, Uholanzi. Naomba mnivumilie nikae naye kidogo. Biashara yake kubwa ya uchapaji ilianguka, na mwaka 1923, akiwa amebaki na karakana ndogo, akaanza kutoa jarida lake mwenyewe na kuwapelekea wasanii wenzake. Alichukua herufi kubwa za mbao, zile za mabango ya matangazo, akazipaka wino na kuzigandamiza karatasini kwa mpangilio wake mwenyewe. Wakati mwingine alizigeuza kichwa chini, wakati mwingine alipitisha rola ya wino moja kwa moja juu ya karatasi. Mikononi mwake herufi ilikuwa umbo kwanza, na sauti baadaye. Alicheza kwa vifaa vilevile alivyokuwa akichapia kadi na matangazo ya wateja. Wakati Wajerumani walipoikalia Uholanzi, alichapa pamoja na marafiki machapisho ya siri ya kuwatia watu moyo. Alikamatwa Machi 1945 na kupigwa risasi tarehe 10 Aprili, siku chache kabla ya Groningen kukombolewa. Kazi zake nyingi zilizokuwa zimechukuliwa ziliteketea katika mapigano ya kuukomboa mji.

Nina sababu ya kumtaja kwa urefu. Wapo kati yetu waliorithi masanduku ya herufi kutoka matbaa za zamani, na nimesikia kwamba mengine yanauzwa kwa wanunuzi wa chuma chakavu. Tafadhali, kabla ya kuuza, njooni ofisini tuzungumze. Herufi ile inaweza kufanya kazi mpya kabisa mikononi mwa kijana wa leo.

Karibu zaidi na kwetu, tulijifunza kwa Ibrahim El-Salahi, mchoraji mzaliwa wa Omdurman, Sudan. Alirudi Sudan kutoka masomoni London mwaka 1957, akakuta watu wa Khartoum hawavutiwi na picha za mtindo aliojifunza huko. Akaanza kutia maandishi madogo ya Kiarabu pembeni mwa picha. Baadaye akayaeneza, na hatimaye akaivunja herufi yenyewe na kuchungulia nafasi zilizomo ndani yake. Humo akaona wanyama, mimea na nyuso. Kwa wale wenye mazoea ya hati ya Kiarabu tangu chuoni, na tuko wengi, huo ni mwaliko wa wazi.

Tukaendelea na jambo hilohilo la nafasi kwa kuangalia nembo ya mwaka 1994 ya FedEx, kampuni ya kusafirisha vifurushi. Katikati ya E na x kuna mshale mweupe ambao haukuongezwa kama picha; umezaliwa na ujirani wa herufi mbili, na msanifu aliukusudia. Wanachama waliokuwa hawajawahi kuuona walipiga makofi. Tangu jioni ile nimekuwa nikiwaambia wanafunzi wakague pale pasipopakwa rangi kabla ya kukagua palipopakwa.

Upande wa kucheza na mji mzima, tulitazama picha za kazi ya eL Seed, msanii wa Ufaransa mwenye asili ya Tunisia, aliyoifanya mwaka 2016 katika mtaa wa Manshiyat Nasser, Cairo, wanakoishi wakusanyaji taka. Andiko lake la Kiarabu limetawanyika juu ya karibu majengo 50. Ukiwa mtaani unaona vipande vya rangi ukutani. Ukipanda mlima Muqattam vipande vinaungana na kuwa andiko moja kubwa la duara. Mliofanya kazi za kuta mtaelewa hesabu iliyomo humo.

Sasa matatizo. Bango la plastiki linalochapwa kwa mashine limewapunguzia kazi wachoraji wetu wa vibao, na sioni kwamba hali hiyo itarudi nyuma. Siwalaumu wenye maduka, maana bango linatoka siku hiyohiyo na kwa bei ndogo. Ninachokataa ni fonti ileile moja kutundikwa juu ya kinyozi, duka la dawa na mama ntilie, hata mtaa mzima ukawa na sauti moja. Hapo ndipo mchoraji ana la kuuza: herufi inayomjua mwenye duka.

Tatizo la pili ni kunakiliwa. Mwanachama wetu mmoja alichora jina la biashara kwa mkono, akalipwa kibao kimoja, kisha akalikuta jina lilelile kwenye mifuko na fulana bila kuulizwa. Jambo hilo bado linazungumzwa na pande zote mbili, kwa hiyo sitalieleza zaidi. Lakini Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 ipo, na COSOTA, Ofisi ya Hakimiliki Tanzania, ipo. Wekeni saini na tarehe kwenye kila mchoro, upigeni picha kabla haujatoka mkononi, na kwenye makubaliano andikeni mteja ameruhusiwa kuutumia wapi.

La tatu ni kupotea. Wenzetu wa Nairobi waliliona hilo wakati kanuni za usafiri zilizojulikana kwa jina la waziri John Michuki zilipoanza kutekelezwa mwaka 2004. Matatu zikatakiwa kuwa na mstari wa njano, na maandishi mengi ya rangi yakafunikwa. Michoro ilirudi baadaye, ila ile iliyofutwa bila kupigwa picha haikurudi. Huku kwetu hakuna anayehitaji kutunga kanuni. Jua na mvua vinatosha, na kila ukuta unaopakwa upya unaondoka na kazi ya mtu.

Kwa hiyo kamati inaomba mambo matatu. La kwanza, tuanze kuhifadhi picha za vibao, majina ya majahazi, mikokoteni na daladala, kila picha iandikiwe mahali, mwaka, aina ya rangi, na jina la mchoraji akikubali. La pili, darasa la Jumamosi liendelee kwa utaratibu wa brashi kwanza na kompyuta baadaye. Najua baadhi yenu mnaona huo ni ukale. Mimi naona aliyewahi kuipaka S kwa mkono, akaihangaikia mpaka tumbo la chini likabeba la juu, ndiye anayejua ni wapi pa kuivunja. La tatu, tufanye kikao cha pamoja cha wasanifu wa kanga na wachoraji wa vibao, kwa kuwa hawa wawili wanahangaikia tatizo moja la herufi kusomwa ikiwa mwendoni, na hawajawahi kukaa meza moja.

Nawashukuru walimu wa darasa waliojitolea, kina mama waliotuazima kanga zao na kutuamini nazo, na katibu aliyepanga kila safari. Namkaribisha mweka hazina asome hesabu za mwaka. Fomu za kugombea nafasi za kamati ziko mezani kwa katibu, na zitapokelewa hadi saa sita mchana.